Shemeji Alikuwa Anatafuta Mashine ya Theluji, na Sisi Tunaishi Sydney

Wapendwa, acheni mnachofanya. Chai iwekeni pembeni, hii haiwezi kusubiri.

Mwanaume aliyekuja kumchumbia dada yangu nilimkuta jikoni kwetu, amenipa mgongo, ameinamia simu utadhani anasoma majibu ya hospitali.

Nikachungulia begani kwake.

Ningeona picha ya mwanamke ningeelewa haraka. Ningepiga kelele, majirani wangejaa, tungemalizana.

Niliona mashine.

Nyekundu, ina mdomo mpana wenye vyuma vilivyojikunja ndani, na juu yake bomba refu limepinda. Imefungwa kwenye trekta dogo. Inarusha kitu cheupe hewani.

"Shemeji, hiyo nini?"

Alishtuka mpaka simu ikamponyoka, ikatua kwenye bakuli la maharage.

"Hakuna kitu, shemeji. Ni mashine ya kuondoa theluji tu."

Tu!

Jamani, sisi tunaishi Merrylands. Merrylands ya Sydney hii hii. Jua lipo, kebabu ipo, foleni ya maduka ipo. Theluji hakuna. Sijawahi kukutana na mtu hata mmoja mtaani kwetu aliyeiona ikianguka hapa.

Sasa mtu anapanga chumba ghorofani Lidcombe, hana bustani, hana hata kopo la maua dirishani. Mashine ya theluji ya nini?

Na trekta liko wapi?

Ngoja niwapange kidogo ili msipotee.

Mimi ni Lyse. Sisi ni Warundi, ila mimi na dada yangu Ineza tulizaliwa kambini Kigoma, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili kinatutoka bila kuombwa. Mama alifariki kambini hukohuko. Baba, Mzee Bigirimana, ndiye aliyetushika mikono mpaka Australia.

Shemeji anaitwa Déo. Mkongomani wa Uvira, anaendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyua mizigo, kwenye ghala moja huko Lidcombe. Mpole, tumbo kidogo, kanisani anapiga gitaa la besi. Kila mtu anampenda.

Na hapo ndipo mimi roho ilikuwa inanisumbua. Mtu akipendwa na kila mtu, mimi najiuliza nani hajaulizwa.

Kwetu binti hatoki nyumbani hivi hivi. Ukoo wa kijana unachunguzwa kwanza. Huko nyumbani anatumwa shangazi, anapanda mlima mpaka kwao kijana, anaomba maji ya kunywa kwa jirani, halafu anauliza vitu kama hana habari. Eti hapa kwa huyu kuna ugomvi? Kuna mlevi? Kuna mtoto alipatikana pembeni? Akirudi ana faili zima kichwani.

Hapa Sydney utaomba maji kwa nani? Jirani ya Déo ni kijana wa Kikorea anayevaa hedifoni hata kwenye lifti.

Kwa hiyo Baba akaniita sebuleni.

"Lyse, wewe umesoma mambo ya habari chuoni."

"Ndiyo, Baba."

"Shangazi wa kumtuma sina. Utakuwa wewe. Mchunguze huyu kijana. Jumamosi watakuja na mahari, na unanijua, nikishakunywa kinywaji chao, nimekunywa. Sirudi nyuma."

Hiyo ndiyo sheria ya Baba. Kinywaji cha mahari kikipita kooni, binti ameenda, hata wakija kumwambia bwana harusi ana mkia.

Yaani maisha ya dada yangu yalikuwa yamewekwa mikononi mwangu. Na nilikuwa na siku chache tu. Na nilikuwa nimeshaona mashine.

Alhamisi Déo akaja kuazima yuti ya Baba, yaani pikapu, huku wanaiita hivyo.

"Mzee, niko na safari kidogo. Kuna uwanja mmoja wanauza vyombo vya shamba, kule pembeni ya mji."

Baba akamwangalia, akaniangalia mimi, akanirushia funguo.

"Lyse atakupeleka."

Na akanikonyeza. Baba yangu, mzee wa kanisa, akanikonyeza!

Njiani Déo alikuwa anaangalia dirishani. Mimi nikawasha muziki wa injili, nikawa naimba kama vile sina lolote moyoni. Kumbe jicho moja liko kwa shemeji.

Uwanja wenyewe ni mkubwa, umejaa matrekta, majembe ya kukokotwa, mashine za kukata nyasi, zote zinang'aa juani. Tulipokelewa na jamaa mrefu mwenye kofia na kitambulisho kifuani: Oloo.

"Wacha! Wasee wa home!" akapiga makofi, yaani watu wa kwetu. "Mko wa wapi?"

"Uvira," Déo akasema.

"Burundi," nikasema.

"Na mimi Kisumu. Basi leo ofisi imefungwa, tuko home. Mnatafuta nini?"

Déo akakohoa. "Mashine ya kurusha theluji. Ya kufunga kwa trekta ndogo."

Oloo akaangalia juu. Mbingu ya bluu, hakuna hata wingu la kusingizia. Akaangalia jasho la Déo.

"Sawa, boss. Mimi siulizi. Mteja akitaka mvua namuuzia mvua."

Lakini aliuliza! Wapendwa, aliuliza! Kumbe hizo mashine huwezi kuuziwa bila kuhojiwa. Kila kitu ambacho mimi nilipaswa kukichimba kwa akili za shangazi, Oloo alikichimba kwa ajili ya biashara. Mimi nilisimama tu pembeni, nimefumbata mkoba, nakusanya.

"Hii kitu haina injini yake," Oloo alianza. "Inakula nguvu ya trekta, inazungushwa na shafti. Trekta ikiwa ndogo na mdomo ukiwa mkubwa, itakohoa ikufie hapo katikati ya barabara. Trekta yako iko na nguvu kiasi gani?"

"Ni ndogo. Na si yangu. Ni ya mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Nyumba gani?

"Upana wa matairi? Kwa sababu mdomo lazima upite upana wa matairi. La sivyo tairi inakanyaga theluji ambayo hujatoa, unabaki unateleza tu."

Déo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba. Kamba ya manila yenye mafundo mawili. Akaikunjua chini, akainyoosha kwa kiatu.

"Kutoka fundo hili mpaka hili."

Nikasema moyoni, haa! Kumbe ameshafika huko. Ameinama chini ya trekta la watu, amepima kwa mikono yake. Na Jumamosi zile alizotuambia ana ovataimu, ovataimu ilikuwa hiyo.

"Barabara ni ya lami ama kokoto?"

"Kokoto. Kutoka geti mpaka mlangoni ni ndefu, na iko na kona moja mbaya."

"Uiiii, kokoto." Oloo akachuchumaa, akagonga vyuma viwili vilivyo chini ya mdomo wa mashine. "Basi hivi viatu tutavifunga viinue mdomo kidogo. Usipoinua, hii kitu itaokota mawe na kuyarusha kama manati. Kuna dirisha karibu na hiyo kona?"

Déo akafikiri. Akanitupia jicho.

"Upande wa kulia. Dirisha la chumba cha kulala."

CHUMBA CHA KULALA.

Nilijifanya nasoma bei ya trekta lililokuwa karibu.

"Basi bomba tutaligeuza lirushe kushoto. Sasa, theluji yenyewe ni kavu ama ya maji?"

"Sijui sana."

"Ya hii nchi ni ya maji. Nzito kama ugali uliolala. Hiyo mashine ndogo ya hatua moja itaziba bomba, utakuwa unashuka kila saa kuzibua kwa mti. Chukua ya hatua mbili. Hii ina vyuma vya kukusanya, halafu feni ndani ya kutupa mbali."

Nikaona nichangamshe kijiwe kidogo.

"Oloo, wewe umewahi kuona theluji?"

"Mlima Kenya."

"Ulipanda?"

"Nilikuwa napita na gari. Lakini niliiona, sista, kule juu, nyeupe kabisa."

Tulicheka wote watatu. Waafrika watatu juani, tunabishana juu ya kitu ambacho hakuna anayekijua.

"Mimi nimeishika," Déo akasema, bado anacheka. "Inachoma vidole, halafu inakuwa maji kwa mkono."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Akajua kaongea.

Mimi nikatabasamu kama mtoto wa shule ya Jumapili. Endelea, shemeji. Endelea.

"Sasa hili ndilo swali kubwa," Oloo akasimama. "Iko ya kufunga mbele na ya kufunga nyuma. Ya nyuma ndiyo hii, iko tayari, inaingia kwa mikono ya trekta, kazi imeisha. Lakini unaendesha rivasi. Rivasi yote, na shingo umeigeuza nyuma kama bundi. Ya mbele unaona unakokwenda, lakini ni kazi kubwa, inataka fremu yake chini ya trekta, na lazima niagize. Kwa hiyo niambie, nani ataendesha? Wewe?"

"Mimi... nikiwepo."

Nikiwepo!

"Na usipokuwepo?"

Déo akaanza kukunja kamba yake. Ndege akapiga kelele kwenye waya wa umeme.

"Kuna mtu mwingine."

"Huyo mtu ni mrefu? Ni lazima nijue, boss, kwa sababu ya kiti na kanyagio."

"Si mrefu."

"Mwanaume?"

Déo akanitazama. Uso wake, wapendwa, ulikuwa wa mtu anayemeza dawa ya minyoo.

"Hapana," akasema.

"Sawa. Anatoka saa ngapi asubuhi? Kama anatoka giza tunaongeza taa."

"Kazi yake haina saa. Wanaweza kumwita wakati wowote."

Kazi ya kuitwa wakati wowote! Mwanamke wa namna gani huyo?

"Na swali la mwisho, hili ni la usalama. Hii kitu inakula mkono bila kutafuna. Kuna watoto hapo nyumbani?"

Na Déo, mchumba wa dada yangu, mpiga besi wa kwaya, akajibu neno moja.

"Bado."

Bado!

Sijui hata walimalizaje. Najua alichagua ya kufunga nyuma, ile ya hatua mbili, akasema itatosha kwa kuanzia. Oloo akasema ataifunga vile viatu na taa, aje kuichukua Jumatatu. Jumatatu! Yaani Jumamosi anatuachia mahari, Jumatatu anampelekea mwanamke wake mashine.

Tulipokuwa njiani kurudi, tunasubiri taa za barabarani, Déo akanigeukia.

"Shemeji, ninakuomba kitu. Mambo ya leo yabaki humu ndani ya gari mpaka Jumamosi ipite."

"Kwa nini?"

"Ninakuomba tu."

Nikaitikia "mh". Mh si ahadi. Mh ni pumzi.

Nilipomshusha Lidcombe, mwenzenu nilikuwa navimba. Habari ile ilikuwa inataka kutoka. Nilifika nyumbani sijui hata nilipita barabara ipi.

Ineza alikuwa chumbani anapiga pasi sare ya kazi. Dada yangu amesomea ukunga, ila tangu amalize chuo hospitali zote za huku zinampa vishifti vya kuunga unga, mara nyingi kwenye nyumba ya wazee Bankstown, kubadilisha shuka na kuogesha.

Nikafunga mlango, nikamwambia yote. Nyumba, dirisha, mwanamke mfupi anayeitwa wakati wowote, na ile "bado".

Nilitegemea alie. Nilikuwa nimeshaandaa hadi tishu.

Hakulia. Alisimama ameacha pasi juu ya sare, ametoa macho, mpaka kola ikaanza kunuka.

"Pasi!" nikapiga kelele.

Akaiinua. Kola imeshaungua.

"Usimwambie Baba," akasema.

"Nini?"

"Lyse, nakuomba. Acha Jumamosi ipite."

Maneno yaleyale! Nilimwangalia dada yangu nikasema basi, huyu ameshapewa limbwata. Anajua mumewe ana mwanamke huko theluji na bado anataka kwenda. Mapenzi haya jamani yatatumaliza.

"Wewe umeshapofuka," nikamwambia. "Mimi bado naona."

Na nikaenda kwa Baba.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kulimenya, ganda refu lisilokatika, mpaka likaisha. Halafu hakulila.

"Vizuri," akasema. "Umefanya kama shangazi."

Akanipa lile chungwa.

Jumamosi ikafika.

Ukumbi wa nyuma ya kanisa ulikuwa umejaa. Upande mmoja sisi, upande mwingine Wakongomani, vitenge mpaka macho yanauma. Shangazi yake Déo, Mama Katungu, alikuwa amefunga kilemba kirefu mpaka aliyekaa nyuma yake aliomba kuhamishwa. Watoto wamekaa sakafuni, ukiwaambia "kaeni kimya" wanakujibu "we are!"

Kwa kuwa sisi ni walokole, pombe hakuna. Kuna Fanta, lakini imemiminwa kwenye kibuyu, na mirija mirefu, ili mababu wasione tofauti.

Na ng'ombe. Kwetu mahari ni ng'ombe. Hawapo ukumbini, wanasemwa tu, lakini wanasemwa kweli kweli! Kazi hiyo ya kuwasifu kwa mashairi ni ya Mzee Anicet. Huyu mzee hajagusa mkia wa ng'ombe tangu akimbie Burundi, lakini ng'ombe wake wa mdomoni wananenepa kila mwaka. Alikuwa ameshika fimbo, koo limelainishwa, anasubiri zamu yake.

Ineza alikuwa amefichwa chumba cha ndani, kama ilivyo desturi. Bibi harusi hatoki mpaka aitwe.

Msemaji wao, mjomba Rodrigue, akasimama, akatusalimu kwa maneno matamu, akasema wameona ua kwenye nyumba yetu. Wetu wakajibu kwamba maua ni mengi, wataje rangi. Watu wakacheka. Mambo yakaenda vizuri mpaka kibuyu kikafika mbele ya Baba.

Baba akashika mrija.

Hakuuweka mdomoni.

"Kabla sijanywa," akasema, "nina swali kwa kijana mwenyewe. Si kwa msemaji."

Watu wakatazamana. Hiyo haifanyiki. Bwana harusi siku hiyo hasemi.

"Déo. Ile mashine ya theluji. Unamnunulia mwanamke gani?"

Weee! Ungesikia sindano ikianguka, ungeisikia na ikibingirika.

Déo akasimama. Suti mpya, akafunga kifungo.

"Baba... siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Si yangu ya kusema, Baba."

Mama Katungu akaruka kwenye kiti. "Sema, mwana wangu! Unatuvua nguo mbele ya watu! Mwanamke gani?"

"Shangazi, niache."

"Nikuache? Nimeshona hiki kitenge kwa ajili ya aibu?"

Rodrigue akamvuta mkono. "Déo, kijana, sema tu hapana. Sema hakuna mwanamke, tuendelee."

"Nitakuwa nimedanganya."

Minong'ono ikaanza. Nyuma mtu akasema "nilijua". Mwingine akasema Wakongomani ndivyo walivyo, na Mkongomani mmoja akajibu Warundi ndivyo mlivyo, na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Baba akarudisha mrija kwenye kibuyu. Taratibu.

"Basi hakuna mahari," akasema. "Nendeni kwa amani."

Déo akainamisha kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni linaingia kwenye kola, na akageuka, jamani, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa.

Ineza. Hakuitwa. Hakuna aliyemwita! Amevaa mavazi yake yote, shanga kichwani, hana kiatu kimoja, ametoka mwenyewe mbele za watu.

"Ni mimi," akasema.

Watu wakageuka.

"Mwanamke wa theluji ni mimi, Baba."

Nikatafuta kiti bila kuangalia nyuma. Nikakaa juu ya mtoto wa mtu. Akapiga kelele, nikahama.

Ineza akaja mpaka mbele ya Baba, akapiga magoti.

"Nimepata kazi milimani, Baba. Kule theluji inakoanguka, mwendo wa saa tano na zaidi. Ni hospitali ndogo, hawana mkunga. Mama akishikwa na uchungu anasafirishwa kwenye zile kona, na wengine wanazaa njiani. Walinihoji, wakanipa kazi siku hiyohiyo. Ukunga wenyewe, Baba. Si shuka. Nyumba tumepata kwa mzee mmoja mkulima, anatuachia na trekta, ila njia tusafishe wenyewe. Déo nilimwapisha asiseme."

"Ulimwapisha."

"Ndiyo."

"Mpaka ninywe."

Akainamisha kichwa. "Ukishakunywa hurudi nyuma."

Mnaona? Mchunguzi mimi, nimezunguka na Déo mji mzima, nimehesabu hata jasho lake. Na mwenye siri analala kitanda cha pili chumbani kwangu, na zile wikiendi alizosema yuko shifti Bankstown, kumbe alikuwa milimani!

Baba alimtazama binti yake pale chini. Alipoongea hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu.

"Wakati tunakimbia," akasema, "kaka yangu Irambona alisema yeye atapita njia ya mto, kwa sababu ana mizigo. Mimi nipite ya juu na mama yenu. Tukakubaliana tutakutana ng'ambo. Mimi nilifika ng'ambo."

Hakumaliza. Watu wazima wote pale ndani, Warundi na Wakongomani, walijua mwisho wake. Kila mtu ana Irambona wake.

"Ndiyo maana niliwapangia wote mtaa mmoja," akasema. "Ili nikiita, mnaitika. Sasa wewe unakwenda mahali ambapo njia inafungwa na mbingu."

Ineza akawa analia. "Ndiyo maana niliogopa, Baba."

Déo alikuwa bado mlangoni. Akarudi, akapiga magoti pembeni yake.

"Njia haitafungwa, Baba. Ndiyo kazi ya ile mashine."

Baba akamtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama vizuri.

"Umechagua ipi?"

"Ya... ya nyuma, Baba. Ya hatua mbili."

Baba akanigeukia. "Lyse. Wewe ulikuwepo. Ya nyuma maana yake nini?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mbu.

"Inafungwa nyuma ya trekta, Baba. Unaendesha rivasi, huku umegeuza shingo."

"Ineza aendeshe rivasi? Gizani, anaitwa kwa mzazi, kuna kona, kuna barafu, yeye ameangalia nyuma?"

"Ndiyo, Baba."

"Na iliyobaki?"

"Ya mbele. Unaona unakokwenda. Ila lazima waagize, na trekta lifungwe fremu."

Baba akasimama. Akavuta koti lake likakaa sawa.

"Ng'ombe wenu sitawapokea," akawaambia Wakongomani.

Mama Katungu akashika kifua.

"Nataka ya mbele," Baba akasema. "Hiyo ndiyo mahari yangu. Binti yangu aende akiona mbele. Na siku nikiita, ashuke hiyo barabara aje."

Mzee Anicet akaingiwa na wasiwasi. "Lakini Bigirimana, mahari ni ng'ombe! Mimi nitasifu nini hapa?"

"Msifu huyo. Ndiye ng'ombe wangu."

Mzee Anicet akaangalia fimbo yake. Akaangalia watu. Déo akatoa simu, ile ile iliyotoka kwenye maharage, akamwonyesha picha. Mzee akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali.

Halafu akainua fimbo.

"Amekuja!" akanguruma. "Ng'ombe mwekundu, mwenye mdomo mpana kuliko mlango wa kanisa! Hali nyasi huyu! Anakula mlima! Anakula mweupe, anatema mweupe, hashibi, halali, haombi chumvi! Dume linalotembea mbele ya binti wa Bigirimana, na baridi inampisha njia!"

Ukumbi ulipasuka. Vigelegele, makofi, watoto wanaruka bila kujua wanaruka nini. Mama Katungu alicheza mpaka kilemba kikalala upande.

Na Baba akainama, akashika mrija, akanywa.

Alikunywa muda mrefu. Mimi nilikuwa karibu, niliona machozi yanaingia kwenye Fanta. Nimewaambia ninyi tu.

Basi wapendwa, mimi kama mtu niliyefanya kazi ya shangazi, nina neno.

Mkitumwa kumchunguza bwana harusi, mchunguzeni na bibi harusi. Maswali yote tunampa mgeni, na wa kwetu tunampigia pasi nguo.

La pili, na hili ndilo kubwa. Nilikuwa natafuta kama huyu mwanaume ana siri. Alikuwa nayo. Nilichokosa kuuliza ni siri ya nani. Mtu aliyekubali kutukanwa mbele ya shangazi yake, akawa tayari kukosa mke, akashika njia ya mlangoni mdomo umefungwa kwa sababu aliahidi, huyo hata mimi nikimpata sitamuuliza trekta liko wapi.

Nitapanda tu.